Juisi ya mboga na matunda nyumbani: namna ya kuifanya iwe chakula, isiwe soda

Kabla hujawasha blenda, yatazame matunda uliyoyapanga mezani ujiulize: haya yote ningeweza kuyala kwa mkao mmoja? Glasi ya robo lita ya juisi ya machungwa matupu inamaliza machungwa matatu mpaka manne. Ukae uyamenye na kuyala manne mfululizo, la tatu utamgawia mtoto, kwa sababu tumbo limeshajaa na taya zimechoka. Ukiyanywa, hata dakika haiishi, na mkono unarudi kwenye jagi.

Juisi ya chungwa isiyotiwa kitu ina karibu gramu 8 hadi 10 za sukari kwa kila mililita 100. Soda ya kola ina gramu 10 au 11. Vitamini C, potasiamu na foleti zimo kwenye chungwa na hazimo kwenye soda, kwa hiyo juisi ina faida yake, lakini kwa hesabu ya sukari hivi viwili ni majirani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya ziada isizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Wengi hawajui kwamba hesabu hiyo inajumlisha asali na sukari iliyomo kwenye juisi, hata ile uliyoikamua mwenyewe jikoni. Sukari ya tunda zima, lile la kutafuna, haihesabiwi humo.

Basi mwongozo wote huu unasimama hapo: kwenye glasi moja usitie matunda ambayo usingeyala kwa mkao mmoja. Mboga ziwe nyingi, tunda liwe la kuleta utamu, glasi iwe ndogo, na kinywaji kiende pamoja na chakula.

Vyombo

Kama una blenda, inatosha. Blenda inasaga kila kitu na wewe ndiye unayeamua uchuje kiasi gani. Mashine ya kukamulia, ile inayotoa maji huku na makapi kule, inatoa juisi safi ya kupendeza machoni, lakini nyuzinyuzi karibu zote zinabaki upande wa makapi, na nyuzinyuzi ndizo zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na kukufanya uhisi umeshiba. Hujanunua bado? Pesa hiyo inunulie matunda.

Kwa machungwa na ndimu, kamulio la mkono linashinda mashine yoyote. Umeme ukikatika, karoti na bitiruti hukwaruzwa kwenye grata, zikamwagiwa maji kidogo, zikakamuliwa kwa kitambaa safi cha pamba. Mikono itachoka, ila juisi utaipata.

Sokoni

Nunua kinachomwagika sokoni msimu huo. Embe kwa watu wa pwani ni kuanzia Novemba mpaka Februari. Machungwa ya Muheza hujaa katikati ya mwaka. Usilikatae chungwa kwa sababu lina ganda la kijani. Katika joto la huku kwetu chungwa huiva na kubaki kijani. Lishike mkononi: liwe zito kuliko unavyolidhania kwa kulitazama, ganda jembamba, laini. Zito lina maji. Nanasi linuse kwenye kitako. Tikiti tafuta lile lenye baka la manjano upande uliolalia ardhi. Baka likiwa jeupe, lilivunwa mapema. Karoti ziwe ngumu zisizopinda, za wastani, maana yale madude makubwa yana kiini kigumu kama kijiti na utamu mdogo.

Mafungu ya matunda yaliyoiva sana, ambayo muuzaji anayatoa kwa bei ya kutupa jioni, ni mazuri kwa juisi kama yamelainika tu. Likiwa na ukungu, tupa zima, usikate upande. Kwenye tunda laini ukungu huwa umeshapenya ndani usikouona. Na tikiti lililokatwa likakaa wazi juani, liache hapo hapo.

Kuosha, na suala la maji

Osha kabla ya kumenya. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu wote kwenye nyama ya tunda, na juisi haipikwi, kwa hiyo hakuna moto wa kukuokoa baadaye. Sugua kwa mkono chini ya maji yanayotiririka, au kwenye beseni kisha suuza kwa maji mengine. Sabuni haihitajiki. Karoti na bitiruti zisugue kwa brashi. Mboga za majani zitumbukize kwenye beseni lenye maji mengi, zitikise, kisha *zitoe kwa mikono* na kuacha mchanga chini; ukimwaga maji pamoja na mboga, mchanga unarudi ulikotoka.

Maji ya kuongezea kwenye blenda yawe yamechemshwa yakatokota, yakapoa, au ya kunywa ya chupa. Barafu nayo ni maji. Nasema hivi kwa sababu utamkuta mtu amechemsha maji ya juisi vizuri kabisa, halafu anatumbukiza vipande vya barafu ya mtaani ambayo hajui imegandishwa kwa maji gani. Kipindupindu na homa ya matumbo havifi kwa ubaridi.

Anza na hii: karoti, chungwa na tangawizi

Ukiijua hii umezijua nyingi, kwa hiyo nitaieleza polepole. Inatoa glasi ndogo tatu.

Unahitaji karoti nne za wastani, machungwa mawili, kipande cha tangawizi kisichozidi ncha ya kidole gumba, nusu ya ndimu, na maji ya kunywa kikombe kimoja.

1. Kata karoti visahani vyembamba. Blenda nyingi za nyumbani zina mota ndogo. Ukizitwisha mapande makubwa zinaanza kunuka waya ulioungua. Karoti changa iliyosuguliwa vizuri haina haja ya kumenywa.

2. Menya machungwa kwa kisu, ondoa ule utando mweupe mnene, kisha yakate katikati na kutoa mbegu zote. Usione uvivu. Mbegu ya chungwa iliyosagwa haichukizi papo hapo. Uchungu unakuja taratibu, na juisi uliyoionja tamu saa mbili inakuwa chungu kufika saa tatu.

3. Tanguliza maji na machungwa kwenye blenda, fuatisha tangawizi, halafu karoti kidogo kidogo. Kitu cha majimaji kikiwa chini, visu vinashika. Ukitanguliza karoti vinazunguka hewani huku wewe unatikisa jagi. Usijaze kupita theluthi mbili.

4. Saga kama dakika moja, zima, ipe mota ipumzike, saga tena mpaka usisikie tena mkwaruzo wa vipande.

5. Chuja kwa chujio la matundu makubwa, ukikoroga kwa mwiko ili ule uzito mzito kidogo upite. Ukitumia kitambaa utapata maji ya rangi ya chungwa na kuacha chakula kitambaani. Wenye meno na subira hawachuji kabisa.

6. Ndimu iingie mwisho. Acha povu litulie, koroga, onja.

Onja kweli, kabla hujanyoosha mkono kwenye kopo la sukari. Karoti za Lushoto zilizokomaa vizuri zina utamu wa kutosha, na chungwa limeongeza. Kwa familia iliyozoea juisi tamu sana, usikate sukari siku moja ukaanzisha vita mezani. Punguza kijiko kila wiki, ulimi hujizoesha.

Angalia sasa hesabu yetu: machungwa mawili yamegawanywa kwa watu watatu. Hakuna aliyekunywa hata chungwa zima.

Juisi hii inywewe na chakula chenye mafuta kidogo: yai, chapati, kipande cha parachichi, hata wali wa nazi. Ile rangi ya karoti ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na haifyonzwi vizuri bila mafuta. Anayekunywa karoti nyingi kila siku anaweza kuona viganja vinageuka vya manjano. Hilo halina madhara. Apunguze tu, rangi itarudi.

Ya kijani

Matango mawili, kiganja cha majani ya nanaa, majani manne au matano ya spinachi, kipande kimoja cha nanasi, ndimu moja, tangawizi. Kata ncha ya tango uionje kwanza, kwa sababu tango moja chungu linaharibu jagi zima. Tango lina maji mengi, kwa hiyo ya kuongezea ni kidogo sana. Hii usiichuje.

Majani ni machache, na nimefanya hivyo kusudi. Spinachi na mchicha zina oksaleti nyingi, na anayesaga mafungu mawili mabichi kila asubuhi anajikusanyia kitu ambacho kwa baadhi ya watu huishia kuwa mawe ya figo. Mchicha uupike kama kawaida, umwage maji ya kuchemshia ukitaka kupunguza zaidi, ule na ugali. Huko ndiko kwao.

Kisamvu kisiingie kwenye blenda kikiwa kibichi, hata jani moja. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sayanidi yanaposagwa, na ndiyo maana tangu zamani kisamvu hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Ukiona mtu mtandaoni anakusifia juisi ya kisamvu kibichi, mpite.

Bitiruti na habari ya kuongeza damu

Bitiruti moja, karoti mbili, chungwa moja, ndimu. Menya bitiruti kwa kisu ukiwa umevaa nguo usiyoipenda. Harufu yake ya udongo inakatwa na ndimu na tangawizi. Kesho yake ukienda haja ukaona wekundu, usikimbilie hospitali kabla hujakumbuka ulichokunywa.

Huku kwetu bitiruti na rozela zimepewa sifa ya kuongeza damu, na nadhani ni rangi tu iliyowaponza watu. Bitiruti ina foleti ya kutosha, ila madini ya chuma ndani yake ni kidogo, hayafikii miligramu moja kwa gramu 100. Mama mjamzito aliyeambiwa damu imepungua anameza vidonge vya chuma na foliki asidi alivyopewa kliniki. Glasi haiwezi kushika nafasi yao. Juisi inasaidia kwa njia nyingine: vitamini C ya chungwa, ndimu au pera huufanya mwili ufyonze vizuri zaidi chuma kilichomo kwenye maharage, kunde na mchicha. Kwa hiyo glasi ndogo ya juisi ya chungwa pamoja na sahani ya maharage ina kazi ya kueleweka. Chai hufanya kinyume chake. Iache kwa saa moja au mbili baada ya kula.

Na zile juisi za "kusafisha ini" na "kutoa sumu", za siku tatu bila kula? Kazi ya kutoa sumu inafanywa na ini na figo, usiku na mchana, bila malipo. Aliyeshinda na juisi tupu siku tatu amepungua maji na chakula tumboni, na amekosa protini.

Vichachu vyetu

Pasheni: kwangua nyama na mbegu, tia maji, gusa swichi ya blenda mara mbili tatu tu, chuja. Ukisaga moja kwa moja, mbegu zinavunjika na juisi inajaa chembe nyeusi za kukwaruza koo.

Ukwaju hauhitaji blenda. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, ufikiche kwa mkono mpaka kokwa ziachane na nyama, chuja. Mabungo nayo: yapasue, toa zile mbegu zenye nyama ya manjano, loweka, pigapiga kwa mwiko, chuja. Harufu yake peke yake inamtoa mtu chumbani.

Shida ya hivi viwili ni kwamba uchachu wake unaita sukari kwa vikombe, na jagi la ukwaju la futari wakati mwingine linashinda soda. Punguza uchachu kwa maji zaidi, tangawizi, na chumvi kidogo sana ya kubana kwa vidole viwili. Wakati wa kufuturu tanguliza maji na tende zako, juisi ifuate na chakula. Mwenye kiu ya kutwa akianza na jagi hajui atakapoishia.

Tikiti halihitaji chochote. Saga, tia ndimu, kunywa. Miwa ya barabarani, pamoja na ndimu na tangawizi yake, ni tamu kweli, lakini ni sukari iliyokamuliwa. Ihesabu kama soda na uinywe kama soda, mara moja moja.

Asali, tende, maziwa

Asali ni sukari. Ina ladha nzuri kuliko sukari ya dukani, lakini mwilini hesabu ni ile ile, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa kwa hatari ya sumu ya botulini. Tende zina nafuu kidogo ukizisaga nzima na nyuzinyuzi zake. Mbili zinatosha jagi.

Maziwa yanakubaliana na parachichi, embe na ndizi. Yakikutana na nanasi bichi au papai, vimeng'enya vya matunda hayo vinaanza kuyavunja, na baada ya muda mfupi kinywaji kinakuwa chungu. Juisi ya parachichi na maziwa ina mafuta na nguvu za kutosha kuwa kifungua kinywa, usiinywe juu ya chapati tatu.

Kiasi, na nani awe mwangalifu

Kwa mtu mzima mwenye afya, glasi ndogo ya mililita 150 kwa siku inatosha. Huko Uingereza wanapohesabu sehemu tano za matunda na mboga za kila siku, juisi inahesabiwa mara moja tu, hata unywe ngapi. Zilizobaki ni za kutafuna. Mtoto wa chini ya mwaka hahitaji juisi. Wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe mililita 120, kwenye kikombe, sio kwenye chupa ya kunyonya anayolala nayo, kwani sukari inashinda kwenye meno usiku kucha. Wewe pia ukimaliza kinywaji kichachu sukutua kwa maji, na mswaki usubiri kama nusu saa.

Mwenye kisukari ajue jambo moja: sukari ikimshuka ghafla akaanza kutetemeka, huduma ya kwanza inayofundishwa ni nusu glasi ya juisi ya matunda, kwa sababu inapandisha sukari haraka. Kinachomwokoa siku hiyo ndicho kinachomwumiza siku nyingine. Tango, nyanya, majani na ndimu vinamfaa. Tunda alile zima.

Mwenye ugonjwa wa figo asianze juisi yoyote bila kumwuliza daktari wake, kwa ajili ya potasiamu na oksaleti. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asibadili ghafla kiasi cha majani ya kijani, kwa sababu vitamini K inavuruga dawa. Balungi linagombana na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kushusha lehemu. Na rozela hushusha shinikizo la damu kidogo, kwa hiyo anayetumia dawa za presha aitaje kliniki.

Makapi

Ya karoti yachanganye kwenye unga wa chapati au kababu, au yatie kwenye mchuzi wa maharage mwanzoni, pamoja na kitunguu. Ya bitiruti yanaipa chapati rangi ambayo watoto huigombania. Maganda ya nanasi, kama nanasi lilisuguliwa vizuri, yachemshe na tangawizi na mdalasini. Maji yake yanaburudisha yakipoa. Yasiyofaa kuliwa yape kuku au yazike shambani.

Kuhifadhi na kuosha blenda

Juisi bora ni ya kunywa pale pale. Ikibidi ibaki, ijaze kwenye chupa ya kioo mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi, tia ndimu, weka friji, imalizike ndani ya siku moja. Umeme ukikatika kutwa nzima, mwaga. Ikianza kutoa mapovu yenyewe na kifuniko kikapiga kelele ukifungua, imeshachacha. Nyama ya pasheni na mabungo ya msimu huganda vizuri kwenye vibati vya barafu, ukachukua vipande viwili vitatu kwa glasi.

Blenda ioshe hapo hapo: maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, washa sekunde chache, mwaga, suuza. Halafu fungua kitako, toa visu, na uvue ule mpira mweupe unaozunguka chini. Huo ndio wengi hawauvui, na ukikaa wiki bila kuoshwa utaukuta na utando mweusi. Usugue kwa mswaki wa zamani, uuanike pembeni, na usiurudishe mpaka ukauke.